Kutoka Kulabuni Hadi Sahanini: Siku Sita na Wakaguzi wa Chakula Nairobi

Jumatatu, Dagoretti

Nililala kwa shangazi Kawangware ili nisichelewe. Saa tisa usiku bodaboda ilipiga honi nje ya geti, na kabla ya saa kumi nilikuwa nimesimama kwenye baridi ya Dagoretti Market, gambuti za kuazima miguuni na koti jeupe lililonizidi mikono. Ng'ombe walikuwa wamefika kabla yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa afya ya umma, mwaka wa mwisho. Wiki hii nimeruhusiwa kufuatana na wakaguzi, kuanzia machinjioni mpaka vibandani, na nimejiwekea sharti la kuandika kila jioni kabla sijalala. Sababu ninayo. Nikiwa darasa la sita, kule Kayole, nililazwa wiki mbili kwa homa ya matumbo. Mama alihesabu kila nilichokuwa nimekula, mandazi ya shuleni, maji ya mtungi, samosa ya pale kona, na hakuweza kujua ni kipi. Tangu hapo kila sahani ikiwekwa mbele yangu najiuliza imepitia mikono ya nani.

Ukaguzi huanza ng'ombe akiwa hai, jambo ambalo wateja wengi wa bucha hawalijui. Mkaguzi wa nyama aliyenipokea ni mama wa makamo, aliyesomea kazi hii katika chuo cha mafunzo ya nyama kule Athi River, na pale ndani kila mtu anamwita Madam. Aliingia zizini na tochi. Alitazama mwendo, macho na pua. Alitazama ni yupi amelala na hataki kuinuka. Akaulizia vibali vya kusafirisha mifugo kutoka kaunti walikotoka, maana wengi wa hawa wa leo wametoka Kajiado na Narok.

"Mnyama akianguka ghafla akafa, damu ikamtoka puani na isigande, huyo usimguse na kisu," aliniambia. "Hicho ni kimeta. Ukimpasua, vijidudu vinakutana na hewa, vinajijengea ganda, vinakaa ardhini miaka na miaka."

Nilijifunza pia habari ya kupumzisha. Ng'ombe aliyesimama kwenye lori usiku kucha ni lazima apumzike na anyweshwe maji kabla ya kuchinjwa. Nilidhani ni huruma. Ni huruma kweli, ila ina faida kwa mlaji vilevile. Mnyama aliyechoka misuli yake imemaliza sukari, na sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kuchinjwa na kuifanya nyama ikawie kuoza. Nyama ya mnyama aliyechoka huwa ya weusiweusi, inanata vidoleni, na huharibika upesi. Ukikutana nayo buchani utadhani muuzaji ameilaza siku tatu, kumbe kosa lilitendeka barabarani.

Mchinjaji ni Mwislamu, anataja jina la Mungu kwa kila mmoja, ili nyama ile iweze kuliwa na kila mtu jijini. Baada ya hapo kazi inakwenda mbio: kuchuna, kupasua, kutoa matumbo, kuning'iniza kwenye kulabu. Madam anafuata nyuma na kisu chake. Mwanzoni nilimwona kama anakatakata ovyo. Nilipotulia nikagundua kila mkato una swali lake. Tezi zilizo karibu na mapafu: kuna dalili ya kifua kikuu? Moyo, ulimi, bega, msuli wa taya: kuna mabuu ya tegu? Ini: mirija yake ikoje?

Kwenye kichwa kimoja aliniita. Alikuwa amepasua msuli wa taya, na ndani ya wekundu ule palikaa kifuko cheupe, kadiri ya punje ya mchele. Nilikuwa nimekiona vitabuni mara nyingi. Kukiona kwenye nyama ambayo ingeweza kuwa chakula cha mtu kulinitia baridi ya aina nyingine. Huyo ni tegu mchanga. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu humkulia tumboni hadi awe mita kadhaa. Na ng'ombe alimpata wapi? Kwenye malisho, mahali ambapo binadamu mwenye tegu alijisaidia kwa kuwa hakuwa na choo. Vifuko vikiwa vichache, nyama hugandishwa siku kadhaa vife. Vikiwa vingi, mzoga mzima unakataliwa.

Ugomvi wa leo haukuwa wa tegu, ulikuwa wa ini. Kisu kilipopita kwenye mirija kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga. Minyoo bapa ilikuwa imekaa humo muda mrefu mpaka mirija ikawa migumu. Mwenye ng'ombe, kijana mwenye daftari kwapani, akasogea.

"Madam, si ukate tu hapo palipoharibika?"

"Pote pameharibika, baba."

"Hiyo ini nilikuwa nimeshaahidi mtu wa hoteli."

"Mwambie mtu wa hoteli aje anione."

Akaichanja ini ile mara nyingi ili isifae kuuzwa, akaimwagia rangi, na kijana wa usafi akaibeba kwenda kwenye shimo la vilivyokataliwa. Mwenye ng'ombe aliisindikiza kwa macho. Nilimwonea huruma, maana hiyo ni hasara ya kweli kwa mtu wa mtaji mdogo. Hata hivyo sikutamani Madam alegeze. Anasimama pale peke yake, wanaume kumi wenye haraka wamemzunguka, na kinachomlinda ni kisu, koti na sheria.

Mwisho ni muhuri. Wino wake unalika, na muhuri huonyesha nyama ilikaguliwa katika machinjio gani. Saa moja asubuhi nyama ilianza kutoka: pikapu zenye masanduku meupe yaliyoandikwa kwamba ni ya nyama tu, na bodaboda zenye visanduku vya bati nyuma. Madam alisimama langoni akakunja mikono.

"Mimi kazi yangu inaishia hapa," alisema. "Hapo nje ni kwa wenzenu wa afya."

Nimeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Jumanne, Burma na mabucha ya Eastlands

Leo nimekabidhiwa kwa afisa wa afya ya umma aliyebakiza miaka miwili astaafu. Nitamwita Mzee, kama anavyoitwa ofisini. Mtaani wanamwita daktari. Afisa wa afya mtaani huwa daktari tu, na yeye ameshaacha kuwasahihisha.

Tulianzia Burma, soko la nyama lililo upande wa Jogoo Road karibu na City Stadium. Mzee hazungumzi sana. Anainua paja la ng'ombe, anatafuta muhuri, anaomba karatasi ya usafirishaji, anasoma tarehe, anasonga. Asubuhi nzima tulikuta kipande kikubwa kimoja tu kisicho na muhuri. Muuzaji alisema muhuri ulikuwa upande uliokwisha kuuzwa. Mzee akamwomba karatasi, hakuna. Akamwuliza ilitoka machinjio gani, akataja mawili tofauti ndani ya dakika moja. Nyama ikachukuliwa ili ikaharibiwe. Watu walikusanyika, wengine wakinung'unika kwamba chakula kinamwagwa na kuna watoto wanalala njaa. Naelewa. Lakini mnyama asiyeonekana na mkaguzi anaweza kuwa aliyekufa mwenyewe, anaweza kuwa punda, anaweza kuwa na kimeta, na hakuna macho ya mteja yanayoweza kutofautisha akishakatwa vipande.

Njiani Mzee alinikumbusha mwaka 2019, mwezi wa Julai, habari zilipotoka kwamba kuna nyama madukani inayotiwa sodiamu metabisalfaiti ibaki nyekundu. Kemikali hiyo ina matumizi halali katika vyakula fulani kwa vipimo maalumu. Kwenye nyama mbichi kazi yake ni kudanganya jicho: nyama imeshazeeka, rangi ingali ya asubuhi. Tena salfa yake inaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, anasema Mzee, wateja walikuwa wakiuliza nzi wako wapi. Walitaka kuona nzi ndipo waamini.

Mchana tukaingia mabucha ya mitaani. Kila bucha inatakiwa iwe na ukuta unaosafishika, wavu au kioo cha kuzuia nzi, maji, mahali pa kunawa, koti jeupe, jokofu, leseni ya mahali na cheti cha afya cha kila anayeshika nyama. Ukuta na koti hupatikana kwa urahisi. Jokofu ndilo lina hadithi.

Kwenye bucha moja Mzee aliweka kipimajoto ndani ya jokofu, akanituma nihesabu dakika. Ilitoka nyuzi 14. Inatakiwa iwe chini ya 5. Mwenye bucha, kijana mpole aliyekuwa amevaa koti safi kabisa, hakukana.

"Daktari, usiku naizima. Token zinaisha kabla ya wiki kuisha. Nikiiacha usiku kucha, faida yote ni ya stima."

Nyama ile ilikuwa na muhuri. Ilipita mikononi mwa Madam au mwenzake, ikaonekana safi, ikatoka langoni ikiwa salama. Kisha ikalala kwenye sanduku lenye joto la chumba, na vijidudu havisomi muhuri. Mzee alimpa siku saba, akamwonyesha jinsi ya kupunguza mzigo: anunue kidogo kidogo kila asubuhi badala ya mguu mzima wa siku tatu. Akamwambia pia aachane na gogo la kukatia nyama. Nyufa za gogo lile zilikuwa na damu ya juzi, na hakuna kupiga chumvi kunakoweza kufika ndani ya ufa.

Mabucha kumi na moja kwa siku. Miguu inauma.

Jumatano, Viwandani

Siku hii ndiyo iliyonikalia moyoni, na naiandika usiku wa manane kwa sababu usingizi umekataa.

Viwandani ni sehemu ya Mukuru, mtaa wa mabanda unaopakana na Industrial Area. Saa saba mchana mageti ya viwanda yanafunguliwa na maelfu ya vijana wanatoka kula. Hawana muda wala pesa ya hoteli. Wanakula vibandani: chapo madondo, githeri, ugali sukuma, matumbo, supu. Bila vibanda hivi, viwanda vya Nairobi vingesimama. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kusikia watu wakivitaja kama uchafu wa kuondolewa.

Kibanda cha tatu tulichoingia ni cha mama wa chapati mwenye umri kama wa mama yangu. Mabati matatu, benchi mbili, majiko mawili ya makaa. Alipoona koti jeupe alishika kifua. Nilijua anachofikiria. Miaka ya nyuma, kanjo, yaani askari wa jiji, walipokuja, sufuria zilimwagwa, majiko yakapakiwa kwenye lori. Mzee alivua kofia.

"Mama, hujambo? Hatujaja kumwaga. Tupe kikombe cha maji ya kupikia, tafadhali."

Akatupa. Mzee akajaza kichupa, akatia kidonge, akatikisa. Maji yenye klorini hugeuka ya waridi, na kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Tukasubiri. Maji yalibaki meupe.

"Yametoka wapi, mama?"

"Kwa yule wa mitungi. Asubuhi yalikuwa yananuka dawa kidogo. Jana hayakunuka."

Jiji huyatia klorini maji yake. Sasa inapotelea wapi? Mzee alinitoa nje, akanionyesha kwa kidole. Mabomba ya plastiki, membamba kama kidole gumba, yamelala ndani ya mtaro wa majitaka, kadhaa kwa pamoja kama mishipa, mengine yamefungwa kwa mpira wa tairi yalipopasuka. Maji yakiwa mengi na yenye nguvu, yanavuja kwenda nje. Maji yakikatwa kwa mgawo, bomba linabaki tupu, na lile lililokuwa likivuja nje huanza kunyonya ndani. Siku maji yanaporudi, mtungi wa kwanza unakuja na kilichokuwa mtaroni. Hapo ndipo kipindupindu hupita. Mwaka 2017 kilizunguka jiji hili hadi kikawafikia watu waliokuwa kwenye mikutano ya heshima mjini, siyo wa mabandani peke yao.

Tukarudi ndani. Vyeti. Kila anayepika au kuandaa chakula cha kuuza anatakiwa apimwe kila miezi 6, choo kikiwemo, kwa sababu mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo mwilini bila kuumwa. Mama alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Cheti cha miezi miwili iliyopita, muhuri upo, sahihi ipo.

Mzee akakitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari ya msiba: "Mama, ulitoa choo wapi?"

Mama akaangalia majiko.

"Nilitoa pesa tu, daktari. Alikuja kijana na muhuri mfukoni, akatuandikia sote mstari huu."

Sijui niseme nini kuhusu kijana huyo isipokuwa kwamba nimemchukia. Aliyechukua pesa za mama huyu amemuuzia karatasi inayosema mikono yake ni salama, na yeye mwenyewe mama hajui kama ni salama au la. Kama ana vijidudu, anawapa wateja wake mia moja kila mchana huku akiamini amefuata sheria. Hata mimi, yule mtoto wa darasa la sita, huenda niliambukizwa na mtu mwenye cheti kizuri.

Mzee hakumkamata. Wenzangu watabishana nami hapa, na nimebishana na nafsi yangu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika 1921, inampa nguvu ya kutosha kumfunga mlango. Akafanya hesabu nyingine. Alichana cheti kile mbele yake, akamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya kesho asubuhi, akamwambia asishike chakula mpaka apate majibu, dada yake apike, yeye akae upande wa pesa. Dada alikuwa amepimwa kweli, tuliona kitabu chake cha kituo. Halafu akaandika notisi: maji yatiwe dawa na yafunikwe, ndoo yenye mfereji na sabuni iwekwe mahali wateja wanaiona, madondo yaliyobaki yachemshwe upya na siyo kupashwa vuguvugu. Siku tatu, tutarudi Jumamosi.

"Na choo?" niliuliza.

Choo kiko ndani ya ploti nyuma ya kibanda, kimefungwa kufuli. Ufunguo ni wa wapangaji tu. Mama, dada yake na wateja wao huenda choo cha kulipia, mwendo wa dakika saba, na hakina maji ya kunawa. Nilikumbuka punje ya mchele kwenye taya la ng'ombe. Kajiado au Viwandani, mzizi wa jambo ni ule ule: mtu hakuwa na pa kwenda.

Alhamisi, mjini

Leo tumekagua jiko la hoteli ya mjini, ya meza zenye vitambaa. Sina mengi. Sakafu safi, wapishi wana kofia, vyeti vya kweli. Wali uliokuwa ukihifadhiwa moto ulisoma nyuzi 68, vizuri, maana unatakiwa ubaki juu ya 60. Kosa lilikuwa ndani ya jokofu: kuku mbichi rafu ya juu, kachumbari iliyokatwa rafu ya chini, na tone la maji ya kuku limekauka kwenye ukingo wa bakuli. Kachumbari yote ikatupwa. Mpishi mkuu alikasirika kuliko mama wa chapati, na alikuwa na maji ya bomba, stima ya saa zote na choo cha wafanyakazi chenye sabuni.

Tukipita kuelekea ofisini Mzee alinisimulia kuhusu bazari ya Wahindi, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli. Mwaka 1902 tauni iliingia humo, na daktari wa serikali akaamuru bazari ichomwe moto. "Wakati huo ukaguzi ulikuwa kiberiti," alisema. Sikumjibu, nilikuwa nawaza sufuria zilizomwagwa.

Jioni tulipitia mashine mbili za kuuza maziwa mtaani, hizi tunazoziita ATM. Laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, iliyozama kupita kiasi inaonyesha maziwa yameongezwa maji. Ya kwetu ilisimama 29 kwa ya kwanza, iko sawa, na 24 kwa ya pili. Sampuli ikachukuliwa.

Ijumaa, Kiamaiko

Mbuzi. Sijawahi kuona mbuzi wengi hivi mahali pembamba hivi. Wanateremshwa kwenye malori kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale, na wafanyabiashara Waborana na Wasomali wanawajua kwa kuwatazama tu, huyu wa malisho makavu, huyu wa karibu. Kazi huanza mapema zaidi siku ya Ijumaa ili wamalize kabla ya sala.

Mzee mmoja wa pale, mwenye ndevu za hina, alinikalisha kwenye ndoo akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi. Alinieleza habari za mwishoni mwa 2006 kuingia 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kaskazini baada ya mvua kubwa. Mbu wakawa wengi, mifugo wakaharibu mimba, watu wakafa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliogusa damu na mizoga, yaani watu kama yeye na wanawe. "Tulikaa bila kazi," alisema, "lakini tuliobaki tulibaki." Tangu hapo akisikia mbuzi wa mahali fulani wanatupa mimba, hanunui, hata kama bei ni nusu. Huyu ni mkaguzi ambaye hakuna aliyempa koti.

Wakaguzi wa hapa ni wachache ukilinganisha na idadi ya wanyama, na nilimwona mmoja akifanya kazi bila kuinua kichwa kwa saa nzima. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti machinjio, huduma za mifugo na leseni za wauza chakula, vyote pamoja. Kwenye sheria viko chini ya paa moja. Machoni mwangu wiki hii, mtu wa mifugo na mtu wa afya hukutana langoni na kupeana mgongo. Karatasi ya mmoja haifiki mezani kwa mwingine. Madam akikataa maini 20 kwa wiki kutoka eneo moja, Mzee hana njia ya kujua, na mfugaji naye huenda asiambiwe kamwe kwamba malisho yake yana minyoo.

Jumamosi, Viwandani tena

Tulifika saa nne. Siku ya leo viwanda vingi hufungwa adhuhuri, kwa hiyo mama wa chapati alikuwa na nafasi. Ndoo mpya ya bluu yenye mfereji imewekwa juu ya kiti, sabuni ya kipande imefungwa kwa uzi isiibwe. Mtungi wa maji una kifuniko. Dada yake ndiye aliyekuwa akisukuma chapati.

Mama alikuwa amekwenda kituo cha afya siku ile ile aliyoambiwa. Alitoa damu, akatoa choo. Majibu yakaonyesha yuko salama, na karatasi hii aliikunjua mwenyewe kabla ya kuulizwa, akaishika kwa mikono miwili.

"Sasa hii ni yangu kweli," alisema.

Mzee akapima maji. Kidonge, kutikisa, kusubiri. Taratibu waridi ikaanza kuingia, hafifu kwanza, kisha ikakolea hadi kwenye alama inayotakiwa. Mama alikitazama kile kichupa jinsi nilivyoona watu wakitazama picha ya mtoto mchanga. Alikuwa ametia dawa jana usiku, kifuniko kimoja kwa mtungi, kama alivyoelekezwa.

Kuhusu choo, Mzee alikuwa ameshaulizia jina la mwenye ploti. Sheria inasema kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, notisi humwendea mwenye jengo, na siyo aliyelikodi. Alikaa kwenye benchi akaandika notisi ya pili, kurasa mbili, herufi kubwa: choo kifunguliwe kwa wanaofanya kazi katika ploti hiyo, kiwe na maji, bomba la plastiki litolewe mtaroni. Akanipa nisome, nikatia sahihi kama shahidi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jina langu chini ya karatasi ya serikali. Mlinzi wa ploti alikataa kuipokea, kwa hiyo tukaibandika kwenye mlango wa choo chenyewe, juu ya kufuli.

Tulipokuwa tukikusanya vitu, mwanamke wa kibanda cha jirani, anayeuza mandazi, alikuja na kikombe. "Daktari, na yangu?" Nyuma yake alikuja kijana wa smoki na mayai, kisha mama wa supu ya kichwa na jagi zima, kisha msichana aliyetumwa na shosho yake na chupa ya soda iliyojaa maji. Mzee alinikabidhi kichupa. Nikachuchumaa kwenye kivuli cha bati nikaanza: kidonge, kutikisa, kusubiri, kuonyesha. Ya mandazi, meupe. Ya smoki, waridi kidogo. Ya supu, meupe kabisa, na mama akashika mdomo. Walikuwa wakitazamana, wakiulizana nani ananunua kwa nani, kuna aliyetaja muuza mitungi kwa jina na mwingine akasema huyo huyo ndiye wake pia, na watoto wawili walikuwa wameshatumwa kwenda kumwita.

Foleni ilikuwa imefika kwenye kona vidonge vilipokwisha.